Kidole Gumba cha Orvo Haapala

Kwa miaka thelathini na moja Orvo Haapala alifanya kazi kwa kidole gumba. Kazi yake nyingine, ile ya kiwanda cha karatasi, ilimpinda mgongo na kumpa pensheni, lakini watu wa Pelter Falls hawakumjua kwa hiyo. Walimjua kwa sababu kila Wakatamiti, timu yao ya hoki ya barafuni, walipocheza nyumbani, yeye ndiye aliyeketi katika kibanda cha kioo nyuma ya goli la mashariki, swichi mkononi, macho kwenye mstari mwekundu. Kisahani cheusi cha mpira kikiuvuka mstari chote, kidole kinabonyeza, taa nyekundu inawaka juu ya kibanda, na ukumbi mzima unajua goli limeingia.

Mzee aliyemwachia kiti kile alimwachia na kanuni moja. Kama hukuona, usiwashe. Wachezaji watainua magongo juu, mashabiki watanguruma, kipa ataangusha kichwa. Hayo yote si goli. Wewe si mchezaji wala shabiki, wewe ni jicho.

Orvo aliishika kanuni hiyo kama wengine wanavyoshika dini. Mkewe, Doreen, alizoea kumtania.

"Ukifa nitakuzika na hiyo swichi yako."

"Basi acha waya utokeze nje kidogo," Orvo alimjibu. "Nikiona malaika kavuka mstari, niwashe."

Mjini walikuwa na msemo wao: ukitaka kubishana na Orvo, kabishane kwanza na jua. Hata timu za ugenini zilimheshimu. Ndiyo sababu, siku ile Raymond Sakanee alipouawa, maneno ya Orvo yalipokewa kama yameandikwa kwenye jiwe.

Ray alikuwa fundi wa kunoa viatu vya barafu. Dirisha lake lilikuwa pale chini ya ngazi, karibu na vyumba vya kuvalia, na kwa miaka kumi na minne hakuna mchezaji wa Wakatamiti aliyeingia uwanjani bila viatu vyake kupita mikononi mwa Ray. Kelele za jiwe la kunolea zilikuwa zimeliua sikio lake la kushoto. Kila mtu ukumbini alijua: ukienda dirishani kwa Ray, unasimama upande wake wa kulia. Mgeni akisimama kushoto na kuita, Ray angeendelea na kazi yake, na vijana wangecheka na kumvuta mgeni kwa mkono. "Hamia huku, bwana. Kule hakuna mtu nyumbani." Ray naye angecheka, kwa kuwa utani ule aliuanzisha mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana, Aprili, miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Wakatamiti walikuwa katika mechi za mtoano, ndevu zimewasitawia usoni, maana kwao mchezaji hagusi wembe mpaka timu itolewe. Mechi ilikwisha, watu wakamiminika nje kwenye maegesho, theluji nyepesi ikianguka. Shabiki mmoja wa ugenini akapiga simu polisi: kuna mtu anatembea katikati ya magari, kofia ya koti kichwani, ameshika kisu kirefu.

Hakikuwa kisu. Kilikuwa chuma kipya cha chini ya kiatu, cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, king'aacho, ambacho Ray alikuwa anakipeleka kwenye gari lake ili akakifunge nyumbani. Afande aliyefika kwanza alikuwa Craig Desrosiers, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Yeye mwenyewe alikuwa kipa wa Wakatamiti misimu mitatu, kabla hajavaa sare. Alisimama nyuma ya Ray, kwa mkono wa kushoto, akapaza sauti mara mbili kwamba akiweke chini. Ray akageuka. Risasi mbili. Tangu amri ya kwanza mpaka risasi ya kwanza, kwa mujibu wa redio ya gari la polisi, zilipita sekunde tatu.

Orvo alikuwa anatoka kwa mlango wa pembeni, pale panapomwagwa theluji chafu ya uwanjani. Hapakuwa na shahidi mwingine aliyekuwa karibu hivyo. Jioni ile wachunguzi wawili kutoka mji mwingine walimweka kwenye chumba chenye joto, wakampa kahawa.

"Uliona mkono wake ukiinuka?"

"Ndiyo," alisema Orvo. "Aliinua kile chuma kuelekea kwa afande. Halafu nikasikia risasi."

Waliandika. Akatia sahihi.

Wachunguzi wakaamua kwamba afande hana kesi ya kujibu. Katika ripoti yao palikuwa na sentensi ambayo gazeti la mji liliichapa kwa herufi nzito: *Marehemu aliinua silaha.* Chini yake waliandika kwamba shahidi ni mtu ambaye kwa miaka mingi ameaminiwa kuamua kwa muda wa kupepesa jicho.

Mji ukapumua. Maua yakawekwa dirishani kwa Ray, yakakauka, yakaondolewa. Kuhusu sikio lake hakuna aliyesema neno. Wachunguzi hawakuuliza, kwa kuwa walikuwa wageni, na wenyeji hawakusema, kwa kuwa Craig alikuwa mtoto wao na alikuwa ameacha kula. Watu elfu nne walijua jambo moja, na wote elfu nne wakalimeza. Hakuna aliyewaamuru. Ukimya wa namna hiyo hauhitaji amri, kila mtu huutunza kwa upande wake akidhani anamhurumia mwenziwe.

Mama yake Ray, Bernice Sakanee, alikuwa mpishi mstaafu wa hospitali. Miaka miwili aliandika barua akidai uchunguzi wa wazi wa kifo cha mwanawe. Alipoulizwa na gazeti anataka nini hasa, alisema, "Sitaki mtu afungwe. Nataka ile sentensi itoke. Mwanangu hakumwinulia mtu chuma. Chuma alikuwa ananoa."

Orvo alisoma gazeti lile jikoni, akalikunja, akaliweka chini ya kikapu cha kuni. Alimhurumia yule mama kwa moyo wote. Lakini alichokiona alikiona.

Hivyo ndivyo alivyoamini mpaka mechi ya kwanza kati ya saba za fainali mwaka huu.

Wakatamiti hawakuwa wamefika fainali kwa miaka ishirini na sita. Walikuwa wafanyakazi wa mchana, wachomeleaji na walimu na madereva wa magogo, na mlinzi wao Dougie Laframboise alicheza na kidole kilichovunjika, amekifunga na kingine kwa utepe mweusi. Hakuna aliyewatarajia. Ukumbi ulijaa hata ngazi hazikuonekana. Katika kipindi cha pili Dougie akaachia kombora kutoka mbali, watu watatu wakajirundika mbele ya goli, wavu ukatikisika, ukumbi ukanguruma, na kidole gumba cha Orvo kikabonyeza.

Taa ikawaka. Goli halikuwepo. Kisahani kilikuwa kimepiga wavu kwa nje, kikalala kwenye kona kama jongoo.

Refa akaja, akatikisa kichwa, akapunga mikono. Mashabiki wakazomea kidogo, kisha wakacheka.

"Mzee Orvo, umeanza kuwasha taa za Krismasi?" Dougie alimwambia akipita karibu na kioo.

"Cheza mchezo wako," Orvo alimjibu.

Usiku ule usingizi haukumpata vizuri, na kulipokucha alikuwa mezani mbele ya mkate wa iliki ambao hakuugusa.

"Ni taa moja," Doreen alisema. "Moja, katika miaka thelathini na moja. Wacha kujitesa, mzee wangu."

"Si taa, Doreen. Ni kwamba niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona kisahani kimevuka. Ungeniapisha jana pale kibandani, ningeapa. Nimekiona kabisa, cheusi, ndani ya mstari. Na hakikuwemo." Alitazama kidole chake. "Kidole kilifuata sikio. Kelele zilikuja kwanza, kidole kikaenda, halafu kichwa kikanichorea picha ili kidole kisionekane mjinga."

Doreen alisimama na birika mkononi. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na tatu, hakuhitaji kumaliziwa.

"Usiniambie unachotaka kuniambia."

"Siku ile nilikuwa natazama chini. Palikuwa na barafu pale mlangoni, nilikuwa natafuta pa kukanyagia. Nikasikia amri. Nikasikia risasi. Ndipo nikainua macho, na mkono wa Ray ulikuwa juu." Alisukuma mkate kando. "Ulikuwa juu, Doreen. Lakini mtu akipigwa risasi mikono yake inakwenda inakotaka. Kipi kilitangulia? Hilo tu ndilo waliloniuliza. Na hilo ndilo sikuliona."

"Nitamtazama vipi Colette?" Colette alikuwa mama yake Craig, yeye na Doreen waliimba kwaya moja kanisani. "Yule kijana ndio kwanza ameanza kulala usiku. Na Ray hafufuki."

"Hafufuki."

"Basi?"

"Basi ameandikwa kitu kwenye kaburi kwa mkono wangu."

Doreen aliweka birika chini. Alhamisi ya wiki ya pili, siku ya Orvo kutoa ushahidi, alimpigia pasi shati jeupe, na alipomaliza akalitundika mlangoni bila kumwita.

Uchunguzi alioudai Bernice ulifanyika katika ukumbi wa manispaa, mbele ya jopo la watu watano. Sheria ya huko ni ya ajabu kidogo: jopo linaruhusiwa kusema nani amekufa, lini, wapi na kwa namna gani, lakini haliruhusiwi kumlaumu mtu yeyote. Bernice aliketi mstari wa mbele, chupa ya chai miguuni. Craig aliketi upande wa pili katika suti iliyompwaya. Juzi yake walikuwa wameonyesha picha ya video ya kamera ya duka la jirani, yenye theluji na madoa mawili ya kijivu, wakaipunguza mwendo, wakaipunguza tena, mpaka sekunde tatu zikawa dakika nzima. Kila wakili alisimamisha picha pale palipomfaa. Ni rahisi kuwa na hekima mtu akikupa dakika nzima.

Orvo aliapishwa. Wakili wa chama cha polisi, mtu mwenye adabu, alimsomea maneno yake ya miaka miwili nyuma.

"Bado ndivyo ulivyoona, Bwana Haapala?"

"Hapana."

Kiti fulani kililia.

"Nilisikia amri nikiwa natazama chini. Nilipoinua macho risasi zilikwishalia. Mkono ulikuwa juu. Kama uliinuka kabla au baada, sikuona. Nilisema nimeona."

"Kwa hiyo ulidanganya wachunguzi."

"Niliwasha taa bila kuona. Kwetu hilo ni kosa, na nimekuja kulizima."

"Bwana Haapala, huu si mchezo wa hoki."

"Ndiyo maana nimevaa shati."

Hakuna aliyecheka. Wakili akasogea hatua moja.

"Basi unataka jopo liamini kwamba Afande Desrosiers alikosea?"

Orvo alimtazama Craig. Alimkumbuka akiwa golini, kijana mwembamba aliyeramba barafu kwenye glavu kabla ya kila kipindi. "Sitaki waamini kitu ambacho sikukiona, basi. Yeye alikuwa na sekunde tatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili." Akaligeukia jopo. "Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Ray alikuwa hasikii sauti yoyote kwa sikio la kushoto. Mji mzima unajua. Angalieni ile picha yenu afande alisimama wapi."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, na ni kweli, dole hupona. Orvo alishuka kizimbani akipita katikati ya watu aliowajua tangu wakiwa wachanga, na wote walikuwa wakitazama viatu vyao.

Koridoni Bernice alikuwa anafunga kifuniko cha chupa yake.

"Miaka miwili, Orvo," alisema. "Nilipita mbele ya nyumba yenu kila siku nikienda posta."

"Nilikuona."

"Na sikio lake mlilijua. Wote."

"Tulilijua."

Alikiweka kile kifuniko, akakikaza kuliko ilivyohitajika. "Shukrani sina. Siwezi kukupa leo."

"Sikuja kuichukua, mama."

Ijumaa jopo likatoa uamuzi wake, ukurasa mmoja. Raymond Sakanee, miaka thelathini na minne, alikufa kwa risasi iliyofyatuliwa na askari. Kama aliinua alichoshika kabla ya risasi, haikuweza kujulikana. Wakaongeza mapendekezo mawili kuhusu mafunzo ya polisi, yenye maneno marefu, na karatasi ikaenda pale zinapokwenda karatasi za namna hiyo. Ile sentensi ilikuwa imetoka. Hicho ndicho kilichopatikana. Kuna nchi zinazojenga sheria ya kupima sekunde tatu za mwenye bunduki kwa huruma yote, na huo ni utu. Lakini hizo sekunde tatu zilikuwa za Ray pia, na upande wake hapakuwa na aliyezipima mpaka mzee mmoja alipoona haya.

Jioni hiyo Gord Vachon, mwenyekiti wa Wakatamiti, alikuja mpaka barazani, kofia mkononi.

"Kesho ni mechi ya saba, ya kuamua, mzee. Kamati imeona upumzike. Watu wana hasira, unajua."

"Kwa ile taa ya mechi ya kwanza?"

Gord alitazama theluji iliyobaki uani. "Tuseme hivyo."

"Tuseme hivyo," Orvo aliitikia, akaingia ndani, akamletea swichi ya akiba aliyokuwa akiitunza kabatini.

Jumamosi alasiri alikata tiketi kama mtu mwingine, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Doreen alikaa naye. Mbele yao viti viwili, ambavyo hakuna aliyetaka kuvikalia, vilibaki vitupu katika ukumbi uliofurika. Mechi ilikwenda sare, goli moja kwa moja, mpaka muda wa nyongeza, ambapo goli la kwanza ndilo humaliza. Ndevu za vijana zilikuwa zimeganda jasho. Dougie, na kidole chake, alikuwa amezuia makombora kwa mwili mpaka akawa anachechemea miguu yote miwili. Kisha, katika dakika ya sita, alipokea pasi nyepesi mbele ya goli lake mwenyewe, akataka kugeuka, gongo likamponyoka. Ilikuwa nusu sekunde. Mtu wa upande wa pili akakisukuma kisahani kwa utulivu, kama anayefunga mlango. Taa ikawaka nyuma ya kioo. Aliyeketi pale aliona vizuri, hata Orvo aliona kutoka mbali.

Wakatamiti walipiga magoti pale walipokuwa. Wageni walishangilia, kisha timu zote mbili zikapanga mistari miwili na kupeana mikono mmoja mmoja, kama desturi inavyotaka mfululizo unapokwisha. Wageni walipoingia vyumbani, watu wa Pelter Falls hawakuondoka. Walisimama. Walipiga makofi dakika moja, mbili, tano. Wachezaji walizunguka uwanja wakiinua magongo kuwaaga, na Dougie peke yake akabaki nyuma, uso ndani ya glavu. Ndipo ukumbi ukaanza kuliita jina lake. Laframboise. Laframboise. Wanawake wazee walilia. Hakuna aliyekuwa na neno la kumlaumu kwa nusu sekunde ile, maana wote waliziona pia siku zile nyingine zote, kidole kilichofungwa na mbavu zilizochubuka.

Orvo naye alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Walistahili, vijana wale, kila kofi. Lakini machozi yaliyomshuka hayakuwa ya mechi. Alikuwa anawaza kwamba mji wake unajua kusamehe, unajua vizuri sana, na kwamba kwa Ray hakuna hata aliyejaribu, kwa kuwa Ray hakuwa amekosa lolote la kusamehewa.

"Twende," Doreen alisema.

"Tangulia kwenye gari. Nakuja."

Alishuka ngazi akiwapita watu waliosimama. Dirisha la kunolea viatu lilikuwa limefungwa kwa bati. Siku hizi viatu hupelekwa kwenye mashine dukani. Chini yake alisimama mtu mwenye koti jeusi. Orvo alimtambua kwa mgongo kabla ya uso. Ni Craig.

Angegeuka arudi. Hakugeuka. Alikwenda akasimama karibu naye, na ndipo alipogundua kwamba wote wawili wamesongamana upande mmoja wa dirisha, wa kulia, bega kwa bega, na upande wa pili wote mtupu.

Juu yao makofi yalikuwa bado yanaendelea.

"Mzee Orvo," Craig alisema bila kumtazama. "Kila mtu ameniambia nilichokiona siku ile. Wakili, daktari, mama. Wewe tu ndiye hukuniambia."

"Sikuona, kijana wangu."

"Najua." Alikuwa ameweka kiganja juu ya bati, mahali ambapo zamani alisukuma viatu vyake ndani. "Alininolea misimu mitatu. Sijawahi kukosea upande, hata mara moja. Kofia ilimfunika, sikujua ni yeye. Nilimwita kwa kushoto."

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Orvo ilikuwa kusema limeingia au halikuingia, na hapa hapakuwa na mstari. Alikitoa kidole gumba mfukoni, akaufunika mkono wa yule kijana kwa kiganja chake, juu ya bati baridi, na wakasimama hivyo mpaka ukumbi uliponyamaza.